Shilingi Kumi Kwenye Sabuni ya Elfu Tano

Wauzaji wenzangu, leo siandiki namna ya kupiga picha bidhaa wala saa nzuri ya kuposti. Leo naandika kuhusu kapsheni moja niliyoitumia karibu miaka miwili. Iliniuzia vizuri sana, na kumbe ilikuwa uongo.

Kapsheni yenyewe hii hapa: "Kila sabuni unayonunua inamwinua mama mkulima wa mwani Zanzibar." Juu yake naweka picha ya mwanamke aliyejitanda kanga, yuko kwenye maji ya magotini, ameshika kamba imejaa mwani. Watu waliipenda hiyo picha. Mtu hajui hata mwani ni kitu gani, lakini anaagiza mbili, moja yake na moja ya zawadi. (Picha yenyewe niliiokota mtandaoni. Huyo mama simjui na hajui kama nilikuwa namtumia. Nalisema mapema ili nisijifanye mwema hapa.)

Siku moja mteja akaandika kwenye maoni: "Dada, inamwinua kwa shilingi ngapi?"

Nikamjibu kwa kimoyo chekundu. Ndo tunavyofanya tukikosa jibu. Lakini usiku nikachukua kikokotoo cha simu nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Sabuni yangu moja ilikuwa na gramu kumi za unga wa mwani. Mwani mkavu nilikuwa nanunua shilingi 1,000 kwa kilo, bei ileile wanayotoa mawakala wa makampuni. Gramu kumi ni shilingi kumi. Sabuni nilikuwa nauza 5,000.

Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea nukta. Sikukosea. Kwa mwezi nilikuwa natengeneza sabuni 120, maana yake kilo moja na gramu mia mbili za mwani. Shilingi 1,200 kwa mwezi mzima, na hizo zinagawanywa kwa wanawake wa kikundi kizima. Hapo ndipo nilipokuwa namwinua mama wa Zanzibar.

Nilikuwa nauza pia unga wa mwani wa kula, pakiti za gramu mia, na huko nilichukua kama kilo ishirini kwa mwezi. Hiyo angalau ni elfu ishirini. Lakini kapsheni ilikuwa kwenye sabuni, na sabuni ndiyo iliyonipa jina.

Kwa ambao hawajui, nieleze kidogo. Mwani ni mmea wa baharini. Unga wake sisi wadogo tunautia kwenye sabuni, mafuta ya kupaka, hata juisi. Mwingi unasafirishwa nje ukiwa mkavu, huko wanautoa kitu kinachogandisha, kinaingia kwenye dawa za meno, aiskrimu na bidhaa nyingi za dukani. Zanzibar walianza kuulima kibiashara mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshasema kwa miaka kwamba mmea huu unalimika kwetu. Siku hizi Pemba ndiyo inatoa mwingi zaidi. Na wakulima wengi ni wanawake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni wanawake wanane katika kila kumi.

Kwa nini wanawake? Kwa sababu shamba liko karibu na nyumba, maji yakitoka unaingia kwa miguu, huhitaji chombo. Na kwa sababu bei ilikuwa ndogo, wanaume wengi wakaona bora wavue samaki au wakafanye kazi kwenye mahoteli. Hata hivyo, hela hiyo ndogo ilibadilisha mambo miaka ile ya tisini. Wanawake walijenga, walinunua vitanda na makabati, walisomesha watoto. Kuna kina mama wa mashariki wanaokuonyesha ukuta wa nyumba wakikwambia huu ni mwani.

Kwa hiyo kapsheni yangu haikuwa ya kutunga kabisa. Mwani umewahi kumwinua mwanamke. Sabuni yangu ndiyo haikumwinua.

Basi nikapanda boti kwenda kuwaona watu ambao kwa miaka miwili nilikuwa nikiwajua kwa sauti tu za WhatsApp. Kijiji sitakitaja, kiko mashariki ya Unguja. Nilifika siku ya bamvua, maana siku nyingine ungewakuta wamekaa tu wanasubiri bahari. Hili ni la kwanza kujua kama unauza chochote kinachotoka kwenye mwani. Kazi inafanyika maji yakipwa sana, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku chache tu kila mara. Mimi nilikuwa natuma oda siku yoyote ninayojisikia na kununa mzigo ukichelewa. "Jamani vipi, wateja wananisumbua." Wakati maji hayajatoka! Ni sawa na kumlaumu mtu kwamba Ijumaa haijafika.

Nilikwenda nao shambani. Nilitembea kama nusu saa kwenye maji, na nilijikwaa mara tatu. Vijiti vimechomekwa mchangani, kamba zimefungwa kijiti hadi kijiti, na kwenye kamba vimefungwa vipande vya mbegu kimoja kimoja. Wao wanainama. Wanainama saa tatu, nne, jua mgongoni na maji ya chumvi machoni. Ukiwasikiliza wanavyoongea wakati wa kurudi, utasikia mgongo, macho na ngozi inayowasha. Mwani mbichi ukiuanika unabaki kidogo sana. Kilo moja kavu inahitaji kama kilo saba hadi kumi za mbichi, na mbichi hiyo inabebwa kwenye gunia kichwani hadi pwani. Kumbe kilo yangu ya shilingi elfu ilikuwa imebebwa ikiwa kilo nane.

Jioni tukakaa barazani tukaongea. Hapo ndo nikapata aibu halisi.

Kikundi kina wanawake kumi na wanne. Mimi nilikuwa natuma hela kwenye namba moja, ya mwanamke niliyekuwa nawasiliana naye, nikiamini anagawa. Na kweli alikuwa anagawa, msinielewe vibaya. Lakini alikuwa anatuma kwenye namba walizompa, na namba nyingi hazikuwa zao. Kuna bi mkubwa mmoja hapo, mweupe nywele, mcheshi sana, nikamuuliza pesa ya mwezi uliopita ilimfikia vizuri? Akacheka.

"Mwanangu, pesa hiyo mie naisikia tu. Inaingia kwenye simu ya mjukuu. Akija hapa ishakuwa unga na sukari. Si mbaya, tunakula. Lakini mie sijaiona."

Laini ya simu inataka kitambulisho na alama za vidole. Yeye kitambulisho chake kilipotea, kufuatilia kingine ni nauli na siku nzima. Mwingine laini yake imesajiliwa kwa jina la mume. Akaniambia mumewe si mtu mbaya, anambebea magunia, ndiye aliyemchongea vijiti. Ila hela ikiingia kwake inakuwa ya kwake, na yeye anaomba. "Naomba pesa ya mwani wangu," alisema hivyo, halafu akanyamaza.

Nataka niseme jambo hapa kwa sababu najua maoni yatakavyokuja. Sijaja kuvunja ndoa za watu. Mimi pia nina mume, na biashara yangu anaisaidia. Lakini mwenye kazi na mwenye laini wakiwa watu wawili, mimi ninayetuma hela ndiye ninayechagua nani aipokee. Nilikuwa nachagua kila mwezi bila kujua. Na ni mwanamke mwenzao! Nilidhani kuwa mwanamke kunatosha, kwamba mimi siwezi kumpunja mwanamke. Tunaweza, tena vizuri tu.

La pili lilinigusa zaidi kwa sababu linatuhusu sisi wa mtandaoni moja kwa moja. Oda zangu zote nilikuwa natuma kwenye kundi la WhatsApp la kikundi. "Nahitaji kilo 20, nani anazo?" Anayejibu kwanza anauza. Naona ni haki, si ndiyo? Kati ya wanawake kumi na wanne, wenye simu janja ni watano. Wengine wana vitochi, na wawili hawana simu kabisa. Kwa hiyo kwa miaka miwili oda yangu ilikuwa inazunguka kwa walewale watano, vijana kidogo, waliosoma kidogo, walioko karibu na nguzo ya umeme. Bi mkubwa alikuwa anasikia kuna mnunuzi wa Dar anaposikia mzigo umeshaondoka.

Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemtenga kwa ubaya. Nilimtenga mimi kwa kupenda urahisi wa kidole. Na nadhani wengi wetu tunaonunua kwa wazalishaji wadogo, iwe mwani, asali, mikeka au ukindu, tunafanya hivyohivyo.

Kuna dada mwingine kwenye kikundi ana mguu mmoja dhaifu tangu utotoni. Kutembea nusu saa kwenye maji na mawe hawezi. Kazi yake ni kukaa pwani na kufunga mbegu kwenye kamba, na analipwa kwa kila kamba na mwenye shamba. Ana mikono ya haraka ajabu. Lakini kwa kuwa hana shamba, hana mwani wa kuuza, na kwa kuwa hana mwani wa kuuza, mimi sikuwahi kujua yupo. Nikauliza, kwenye sabuni je? Wakaangaliana. Kumbe walishafundishwa kutengeneza sabuni zamani, wana hata mbao za kumwagia, zimewekwa stoo. Na huyo dada ndiye aliyekuwa mpimaji wao mzuri kuliko wote.

Hapo ndipo biashara yangu ilipogeuka. Mimi huku Dar nilikuwa nanunua unga wa mwani, nachanganya mafuta ya nazi na kostiki kwenye chumba cha kupanga, mtoto mdogo nafungia nje asije akagusa. Na wao kule wana ujuzi uleule umekaa stoo kwa kukosa mnunuzi. Zanzibar wanawake wameshafanya hili kwa miaka. Ule mpango wa kuunganisha wakulima wa mwani, watafiti na wafanyabiashara ulioanza mwaka 2006, akiwemo Dk. Flower Msuya, msingi wake ni huohuo, kwamba mkulima asiishie kuuza gunia kavu, atengeneze kitu. Sabuni za wanawake wa Kidoti zinajulikana. Tatizo lao mara nyingi si kutengeneza. Ni kuuza. Na kuuza ndiyo kazi yetu sisi.

Sasa tufike kwenye hela, maana ukurasa huu ni wa biashara na mimi si shirika la misaada.

Zamani sabuni moja ilinigharimu 1,900 pamoja na boksi, nikiuza 5,000 nabaki na 3,100. Kwa sabuni 120 nilibaki na 372,000 kwa mwezi. Sasa nanunua sabuni iliyokwishakauka kutoka kwa kikundi kwa 2,800. Boksi langu 300, usafiri wa boti na bodaboda unakula kama 150. Jumla 3,250. Nimepandisha bei mpaka 5,500, nabaki na 2,250. Faida kwa kila sabuni imepungua, sifichi. Lakini zile siku mbili kila wiki nilizokuwa nakoroga kostiki sasa nauza, na nimefika sabuni 150 kwa mwezi. Hiyo ni 337,500. Bado sijarudi nilikokuwa. Nadhani nitarudi, lakini sijarudi, na atakayekwambia kwamba kutenda haki kunalipa kuanzia mwezi wa kwanza anakuuzia kozi.

Upande wao, kila sabuni inakula malighafi kama 1,500, inabaki 1,300. Kwa sabuni 150 ni 195,000, wagawane kumi na wanne, kama elfu kumi na nne kila mmoja. Si utajiri. Huwezi kujengea nyumba. Lakini linganisha na ile 1,200 ya kikundi kizima, halafu uniambie ipi ilikuwa na haki ya kupewa ile kapsheni. Na dada wa kufunga mbegu sasa analipwa kama mpimaji, kwa jina lake.

Unga wa kula nao nimebadilisha. Nilikuwa nachukua mwani wenye chumvi na mchanga kwa 1,000, naosha mwenyewe. Sasa wanaosha mara tatu kwa maji baridi, wanaanika kwenye chanja badala ya mchangani, nalipa 3,500 kwa kilo. Mzigo unakuja safi na hauna nywele za mbuzi. (Na tukiwa hapa: acheni kuandika kwamba unga wa mwani unatibu kisukari, tezi na uzazi. Huna leseni ya dawa. Mtu akipata shida na tezi yake utamjibu nini, kimoyo chekundu?)

Kabla hujakimbilia kununua kwa kina mama moja kwa moja, uliza swali hili: kamba na tai-tai umepewa na nani? Kuna makampuni yanampa mkulima vifaa, na makubaliano ni kwamba atawauzia wao. Ukija na mia tano ya ziada ukamshawishi akuuzie pembeni, wewe unaondoka na gunia lako, yeye anabaki na ugomvi wa wakala na pengine msimu ujao hapati kamba. Kikundi changu kina wanaotumia kamba zao na wasio nazo. Nanunua kwa wa kwanza. Hao wa pili tunawasubiri wanunue zao, na wengine wameshaanza kwa hela ya sabuni.

Nimeambiwa nisiandike mambo ya tabianchi kwenye ukurasa wa wauzaji, watu watapita. Sawa, pita, lakini mzigo wako utapita pia.

Kuna aina mbili kubwa za mwani zinazolimwa kwetu, wakulima wanaziita spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, spinosamu ni ya bei ndogo. Sasa maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto mno, hasa kipindi cha kaskazi. Kotonii haivumilii. Inapauka, inakuwa nyeupe kama mfupa, inakatika na kuchukuliwa na maji. Wakulima wengi wa maji mafupi wameiacha kabisa, wamebaki na spinosamu, nayo siku hizi inakufa vilevile miezi mibaya. Dawa inayojulikana ni kwenda kwenye maji ya kina, kwenye ubaridi. Lakini huko hufiki kwa miguu. Unahitaji chombo, unahitaji kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani, amini usiamini, wamezaliwa mita mia kutoka baharini na hawajui kuogelea. Hakuna aliyewafundisha. Mvulana anaruka gatini tangu ana miaka mitano, msichana anaambiwa arudi ndani.

Kwa hiyo nani atalima mwani wa bei nzuri? Mwenye chombo. Mwenye chombo ni nani?

Hili ndilo ninaloliogopa. Wateja wetu walioko Marekani na Uingereza wameupenda mwani, wanataka ule wa dhahabu, wanalipa. Sisi wauzaji tunashangilia. Bei ikipanda na shamba likihamia kwenye kina, kazi iliyoachiwa wanawake kwa sababu haina hela itakuwa na hela, na wao watakuwa wamebaki pwani wanafunga mbegu za mtu mwingine kwa malipo ya kamba. Na sisi tutakuwa bado tunaweka picha ya mama kwenye maji ya magotini.

Si lazima iwe hivyo. Zanzibar yamefanyika majaribio ya kulima kotonii kwenye kina ndani ya nyavu ndefu kama mfuko, na wanawake wakafundishwa kuogelea na kutumia boti. Jambiani kuna wanawake, wengi waliokuwa wakilea watoto peke yao, waliohamia kwenye kilimo cha sponji za baharini, na nao ilibidi wajifunze kuogelea kwanza. Sponji zinastahimili joto zaidi ya mwani na bei yake ni nzuri. Bweleo kina mama wanafuga chaza wa lulu. Kwa hiyo wanaweza. Lakini mtu afundishwe kwanza, ndipo apewe chombo. Kwenye kijiji ninachonunua kuna boti iliyotolewa na mfadhili mmoja, nzuri, ina rangi ya buluu. Imelala chini ya mkungu. Wanawake walikabidhiwa kwa picha na makofi, hakuna aliyewafundisha kuiendesha, na nahodha anataka nusu ya mavuno. Kuku wanatagia ndani.

Sisi wauzaji wadogo hatuwezi kununua boti. Tuko wanne tunaonunua kijiji kile, tumekubaliana tutoe 100 kwa kila bidhaa. Mmoja ameshaacha, sitamsema, mwezi ulikuwa mgumu. Hizo zilizopatikana hazikutosha boti wala injini, zilitosha maboya ya kuvaa sita na malipo ya mwalimu wa kuogelea, mwanamke, maana walisema wazi kwamba mwanamume hapana, na wataogelea na nguo zao. Wamejitokeza watano. Bi mkubwa alikuja kutazama tu. Anasema yeye bahari wameshazoeana hivyohivyo, asije akaichokoza uzeeni.

Mambo mengine niliyobadilisha ni madogo na hayana gharama, ukitaka chukua. Oda siandiki tena kwenye kundi peke yake. Napiga simu siku tano kabla ya bamvua, napiga kwa mwenye kitochi kwanza, na oda inasomwa barazani wote wakiwepo, kila mtu anatoa sehemu yake. Nusu ya hela natanguliza, maana anayelima hawezi kusubiri sabuni ikauke wiki nne ndipo ale. Miezi ya joto siongezi oda hata wateja walie, naandika "mzigo kidogo, bahari ya moto", na ajabu wateja wanaelewa, wengine wanaiweka oda ya mbele. Malipo, nilimuuliza kila mmoja kwa faragha: hela yako niitume wapi? Tisa walitoa namba zao. Mmoja alisema kwa binti yake, nikatuma kwa binti, ni chaguo lake. Wawili walitaka iendelee kwa mume, na sikuwauliza kwa nini. Bi mkubwa na mwenzake hawana laini, wanapewa taslimu na mweka hazina, wanatia dole gumba kwenye daftari. Mwezi uliopita nilitumiwa picha ya ukurasa wa daftari hilo. Dole gumba limepakwa wino mwingi kuliko inavyohitajika.

Kama unauza samaki wa vizimba wa Mwanza au perege wa bwawa, jiulize vilevile. Kizimba ni mtaji mkubwa, na mara nyingi mwanamke utamkuta kwenye kuparua na kukausha, si kwenye umiliki. Mimi huko sijanunua, siwezi kukusemea. Wewe unayenunua ndiye unayejua.

Kapsheni nimebadilisha. Ile picha ya kuokota nimefuta, nimeweka ya mbao za sabuni, kwa ruhusa, mikono tu inaonekana kwa sababu ndivyo walivyotaka. Maneno sasa ni haya: "Sabuni hii imetengenezwa na kikundi cha wanawake 14 wa mashariki ya Unguja. Wamelipwa shilingi 2,800." Haina mvuto kama ile ya kwanza. Kupenda kumepungua, oda hazijapungua.

Na yule mteja wa lile swali alirudi. Aliisoma, akaagiza tatu, halafu akaniandikia inboksi: "Dada, sasa hiyo mia tano umeongeza ya nini?"

Safari hii nilikuwa na hesabu. Nikamtumia yote.